Shaka ya Tomaso na dhana ya dereva wa treni

Leo ni Jumapili ya Pili ya Pasaka, ambayo tangu mwaka 2000, Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Sista Faustina kuwa mtakatifu, tunaiita Jumapili ya Huruma ya Mungu. Masomo mengine ya siku hii hubadilika mwaka hadi mwaka, lakini Injili haibadiliki. Ni Tomaso (Yoh 20:19-31). Mapadre tumeihubiri mpaka waamini wanajua tutaishia wapi: Tomaso anasimamishwa mbele ya watu, anaitwa asiyeamini, na kila mwenye swali gumu kwenye jumuiya anaambiwa asiwe kama yeye.

Naomba leo tumtendee haki kidogo mtume huyu. Ili tuweze, twende kwanza mbali, kwenye bandari ya Los Angeles, Marekani, tuangalie tukio la mwaka 2020 ambalo huku kwetu lilipita bila kuzungumzwa sana, kwa sababu siku zile kila mtu alikuwa na hofu zake za kutosha.

Ilikuwa ni wakati wa corona. Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020 iliingia katika bandari hiyo meli ya hospitali ya jeshi la majini la Marekani. Jina lake ni Mercy, yaani Huruma. (Iko na pacha wake, Comfort, yaani Faraja, ambayo ilitia nanga New York siku tatu baadaye.) Meli hii ilianza kazi ikiwa ya kubeba mafuta, ikageuzwa hospitali katika miaka ya 1980. Ina vitanda 1,000 na vyumba 12 vya upasuaji. Imepakwa rangi nyeupe, na ubavuni ina misalaba mikubwa myekundu ambayo hata mtoto akiwa ng'ambo ya maji ataiona. Ilikwenda Los Angeles kupokea wagonjwa wa maradhi mengine yasiyo corona, ili hospitali za nchi kavu zibaki na nafasi kwa wale waliokuwa wakikosa pumzi. Jioni ya Ijumaa hiyohiyo, kule Roma, Papa Fransisko alisimama peke yake kwenye uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, akatafakari Injili ya dhoruba baharini (Mk 4:35-41) na kutukumbusha kwamba sote tumo katika mashua moja. Wengi wetu tuliangalia kwenye televisheni, na si wachache waliofuta machozi.

Siku nne baadaye, Jumanne ya tarehe 31 Machi, dereva wa treni mwenye umri wa miaka 44 alikuwa kazini ndani ya bandari ile. Kazi yake ilikuwa kuendesha treni za mizigo kwenye reli za bandarini. Siku hiyo alikiongoza kichwa cha treni kuelekea mwisho wa reli, na badala ya kufunga breki akaongeza mwendo hadi mwisho wa nguvu yake. Reli ilikwisha, kichwa kikaendelea. Kilivunja kizuizi cha zege, kikavunja kizuizi cha chuma, kikapasua uzio wa waya, kikaburuzika katika eneo la kuegesha magari, kikavuka kiwanja cha changarawe, kikagonga uzio mwingine, ndipo kikasimama. Kutoka pale hadi ilipokuwa meli palikuwa pamebaki mita mia mbili na ushee.

Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia. Mafuta mengi yalimwagika, na wazimamoto wakafanya kazi ya kuyasafisha. Askari wa barabara kuu aliyeyaona yote kwa macho yake alimkamata dereva alipokuwa akiondoka eneo la tukio. Baadaye picha za kamera iliyokuwa ndani ya kichwa cha treni zilimwonyesha akiwa ameshika mwali wa moto wa kutolea ishara.

Hakukana. Aliwaeleza wapelelezi kwamba alifanya kwa makusudi, na kwamba alikuwa peke yake. Hakuiamini ile meli. Alishuku kwamba haikuletwa kwa kazi iliyotangazwa, kwamba nyuma yake kulikuwa na mpango mwingine wa serikali, labda hata wa kujitwalia madaraka. Alitaka kuwaamsha watu. Alijua kwamba treni ikiacha reli mahali kama pale, vyombo vya habari vitakuja, na dunia nzima itageuza shingo kuitazama meli aliyoishuku. Aprili 2022 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu na kulipa fidia ya dola 755,880. Simtaji jina. Ameshahukumiwa na wenye mamlaka ya kuhukumu, na sisi tunaosoma gazeti baada ya Misa hatukupewa kesi hiyo.

Sisi wa nchi hii tunajua treni iliyopoteza njia ni kitu gani. Wanaokumbuka Igandu, mkoani Dodoma, Juni 2002, wanakumbuka treni ya abiria iliyoshindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kuligonga treni la mizigo, na Watanzania 281 wakapoteza maisha. Pale breki zilishindwa. Kule Los Angeles kila kitu kwenye treni kilikuwa kizima, na aliyekalia kiti alikuwa mtu aliyefunzwa na kukabidhiwa kazi.

Sasa, mpendwa msomaji, hebu tuliangalie jambo hili kwa utulivu. Kosa la mtu huyu lilianzia wapi? Ni rahisi kusema alichanganyikiwa, tukafunga ukurasa. Lakini mahakama haikumwona hivyo, na mimi naona ukitazama hatua alizopita utakuta ni hatua tunazozifahamu, ila yeye alizipita akiwa amekalia chuma cha tani nyingi.

Seminarini tulisoma Mtakatifu Tomaso wa Akwino (huyu ni Tomaso mwingine, mwanateolojia wa karne ya 13). Somo lake lilikuwa saa nane mchana, saa mbaya kwa kijana aliyetoka kushiba ugali na maharage, lakini kuna mahali ambapo hata aliyesinzia aliamka. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 60, anauliza kama ni halali kumhukumu mtu kwa kumshuku tu. Anasema dhana mbaya ina vyanzo vitatu. Cha kwanza, mtu mwenyewe ni mwovu, na anadhani wote wako kama yeye. Cha pili, ana kinyongo na mtu fulani, na mwenye kinyongo huamini upesi lolote baya juu ya yule asiyempenda. Cha tatu ni kwamba ameona mengi maishani. Hapo anamnukuu Aristotle, kwamba wazee wana dhana kuliko vijana kwa sababu wameshatendwa mara nyingi. Hiki cha tatu Akwino anakionea huruma kidogo, maana uzoefu ni aina ya ushahidi.

Kisha anaonyesha ngazi zinavyopandwa. Kwanza, kwa ishara ndogo tu, unaanza kutilia mashaka wema wa mtu. Hilo ni la udhaifu wetu, anasema, na maisha haya hayaendi bila hilo. Pili, kwa ishara zilezile ndogo, unakata shauri kwamba yule ni mbaya kweli. Hapo dhambi inaweza kuwa kubwa, kwa maana umemdharau mwenzako bila haki. Tatu, unaitoa hukumu na kuitekeleza. Dereva wetu alipanda ngazi zote tatu, na kwa maneno yake mwenyewe hakuwa amepanga jambo hilo kwa muda mrefu.

Akwino anaongeza jambo ambalo kwa kawaida halitufurahishi. Anasema jambo likiwa na mashaka, tulichukulie kwa upande ulio mwema, na kwamba afadhali mtu akosee mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki imelibeba wazo hilohilo chini ya amri ya nane (namba 2477 na 2478), na hapo inamleta Mtakatifu Inyasi wa Loyola: kama neno la mwenzako halieleweki, muulize analimaanisha vipi. Muulize kwanza. Ni ushauri mdogo kabisa, na ungeweza kuokoa ndoa nyingi nilizozisuluhisha.

Nimerudi kuangalia masomo ya Misa ya siku ile. Tarehe 31 Machi 2020 ilikuwa Jumanne ya Juma la Tano la Kwaresima, na somo la kwanza lilitoka Kitabu cha Hesabu (21:4-9). Waisraeli wamechoka na safari, wanamnung'unikia Mungu na Musa kwamba wametolewa Misri ili waje wafie jangwani. Angalia wanachokisema. Hawalalamiki kwamba Musa amekosea njia. Wanamshuku kwamba kuwatoa utumwani kulikuwa ni hila ya kuwaua. Na wanayasema haya wakiwa wanakula mana, chakula ambacho hawakukilima wala kukinunua, nacho wanakiita chakula hafifu. Ukishafika mahali pa kushuku, hata mkate ulio mkononi unageuka kuwa ushahidi dhidi ya aliyekupa. Huko Los Angeles Misa za hadhara zilikuwa zimesitishwa siku hiyo, hivyo somo hilo lilisomwa makanisani bila waamini kwenye mabenchi.

Najua kuna msomaji ambaye hapa anatikisa kichwa. "Padre, usituambie tuamini kila kitu. Serikali zinadanganya. Wakubwa wana siri zao." Ni kweli, na ni katika nchi hiyohiyo ya Marekani palipotokea jambo ambalo halipaswi kusahaulika. Kuanzia mwaka 1932, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 huko Tuskegee, Alabama, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao. Penisilini ilipothibitika kuwa dawa, hawakupewa, ili wataalamu waendelee kuona ugonjwa unavyomla binadamu. Miaka 40. Mwafrika anayesikia habari hiyo, halafu akaisogelea sindano ya serikali kwa wasiwasi, simcheki. Huyo ana ile sababu ya tatu ya Akwino.

Lakini tazama jambo hilo lilivyofichuliwa. Peter Buxtun alikuwa mwajiriwa wa idara hiyohiyo huko San Francisco katika miaka ya 1960. Alisikia habari za Tuskegee zikizungumzwa, akashtuka. Naye alianza na mashaka, kama dereva wetu. Akatafuta nyaraka, akazisoma. Mwaka 1966 aliandika malalamiko rasmi kwa wakubwa wake, hawakumsikiliza. Mwaka 1968 akaandika tena. Wakaamua utafiti uendelee. Mwishowe alizipeleka habari zile kwa waandishi wa habari, na Julai 1972 mwandishi Jean Heller wa shirika la Associated Press akazichapisha. Utafiti ukakoma mwaka huohuo. Mwaka 1997 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa.

Buxtun naye alitaka watu wajue. Ilimchukua miaka sita na zaidi ya kusoma, kuuliza, kuandika na kukataliwa. Kilichotoka mwishoni kilikuwa kweli tupu, yenye karatasi na tarehe, ambayo serikali haikuweza kuikana. Dereva wa treni alitumia dakika chache, na baada ya vumbi kutulia hakuna mtu aliyejua juu ya ile meli jambo lolote ambalo hakulijua asubuhi. Ilikuwa bado ni hospitali, ndani yake waganga na wauguzi walikuwa wakiendelea na kazi, na iliondoka Los Angeles katikati ya Mei.

Sasa turudi kwa Tomaso wa Injili, tukiwa na hao wawili mkononi.

Tomaso alikuwa na shaka, na alikuwa na sababu. Alijua jinsi Mwalimu alivyokufa. Wenzake waliomwambia wamemwona Bwana ni walewale waliokimbia usiku wa Alhamisi, na walewale ambao, kwa ushuhuda wa Luka (24:11), walipoletewa habari na wanawake asubuhi ya Pasaka waliona ni upuuzi. Kwa hiyo kumi hawa hawakuwa na cha kumcheka. Na Tomaso hakwenda kuwasema pembeni kwamba wametunga hadithi ili wajipatie vyeo. Alisimama mbele yao akasema wazi nini kingemfanya aamini: aone alama za misumari, aweke kidole, aweke mkono ubavuni. Hakutaka kubomoa kitu chochote. Aliomba kusogea karibu.

Na baada ya siku nane alikuwa bado yumo ndani pamoja nao. Mimi hapo ndipo ninapobaki muda mrefu kila mwaka. Siku nane katika nyumba moja, milango imefungwa, kumi wanafurahi na mmoja haamini. Fikiria milo ile. Fikiria walivyokuwa wakilala. Wangeweza kumwambia, kama huamini, mlango ule pale. Yeye naye angeweza kuondoka na hasira zake. Hakuna aliyeondoka wala aliyefukuzwa, na kwa sababu hiyo Bwana alipokuja alimkuta. Hakuanza kwa kumkemea. Alimpa mikono yake aitazame. Mwinjili hasemi hata kama Tomaso aligusa kweli; anatupa tu ungamo lake la imani, kubwa kuliko yote yaliyotangulia katika Injili hiyo.

Yule dereva wa Los Angeles alisema alikuwa peke yake. Sijui kama kulikuwa na mezani kwake mtu wa kumwambia, "Hebu tuulizane kwanza." Ninachokijua ni huku kwetu. Mwanzoni mwa mwaka 2021, katika miezi miwili tu, Kanisa Tanzania lilizika mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60, kama Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, alivyowaambia waandishi wa habari Machi mwaka huo. Wengi walikuwa na shida ya kupumua. Tulikuwa tukitoka makaburini, unafungua simu, unakuta kwenye kundi la WhatsApp la parokia ujumbe uleule umetumwa na watu watano: barakoa zina sumu, chanjo ina alama ya mnyama, waganga wanalipwa kwa kila maiti. Aliyeutuma hakuwa ameuona ushahidi wowote. Alibonyeza tu kidole, na ujumbe ukaenda kwa mamia. Wapo walioamini, wakabaki nyumbani wakinyweshwa tangawizi hadi jioni ya mwisho.

Na sisi tuliojiona tunaelewa, tulifanya nini na hao? Tuliwacheka. Kundi moja ninalolifahamu lilimwondoa mzee mmoja kwa kura, kwa kuwa alizidisha ujumbe wa aina hiyo. Kuanzia hapo ujumbe wake wote aliupata kutoka kwa watu waliokubaliana naye.

Nitakuambia kisa kimoja tofauti, cha jumuiya ndogo ndogo mojawapo. Ilitangazwa chanjo ya wasichana ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na baba mmoja, tumwite Baba Neema, akamzuia binti yake kwenda shule siku hiyo. Alikuwa amesikia kwamba chanjo hiyo inafunga uzazi. Jumuiya ilikutana Jumamosi, na walikuwepo waliotaka kumsema. Mwenyekiti, mama mtu mzima, akawanyamazisha, akamgeukia nesi wa zahanati ambaye ni mwanajumuiya wao.

"Mwanangu, mjibu baba."

Nesi hakumjibu. Alimuuliza kwanza. "Baba Neema, wewe umeisikia wapi, na waliokwambia walisema ni dawa gani?"

Akaeleza. Ilichukua muda, kwa kuwa alikuwa na mengi, na mengine yalikuwa ya haki kabisa: dada yake aliwahi kuchomwa sindano hospitalini bila kuelezwa ni ya nini. Nesi alikubali kwamba hilo lilikuwa kosa. Akasema binti yake mwenyewe amechanjwa, na yule pale nje anacheza rede. Wakakubaliana kukutana Jumatatu zahanati.

Jumatatu Baba Neema alifika na binti yake, lakini hakumwacha aingie. Alisema anataka kuiona dawa kwanza. Watu waliokuwa kwenye foleni walianza kuguna. Nesi akaenda kwenye jokofu, akatoa kichupa ndani ya boksi lake, akamwekea mkononi. Baba Neema akavaa miwani, akasoma jina, akasoma tarehe ya mwisho wa matumizi, akageuza boksi upande wa pili akasoma tena. Kisha akamrudishia nesi na kumwita binti yake aliyekuwa kwenye benchi.